Zamu ya Tatu: kisa cha data ya utafiti wa uchumba iliyotoka Kisumu kabla ya wakati wake

Kabla hujaanza

Kisa hiki kilitokea Kisumu na mimi nilikuwamo. Nilikuwa mtunza data wa utafiti wenyewe, kwa hiyo usinitafute kwenye upande wa wasio na kosa. Taasisi yetu sitaitaja. Umri, kazi, tarehe na nambari za washiriki nimezibadilisha, na nambari ninazotumia humu si zile zilizokuwa kwenye faili. Washiriki wawili wanaozungumziwa sana wameisoma nakala hii, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alifuta sentensi moja. Sijazirudisha.

Usuli

Tulikuwa wanne: Daktari aliyeongoza utafiti, dada mratibu aliyewajua washiriki wote kwa sura, kijana wa programu aliyeandika msimbo wa uchambuzi, na mimi.

Swali letu halikuwa geni. Kati ya 2002 na 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwakutanisha wanafunzi wa uzamili wawili wawili kwa dakika nne nne. Kila mmoja alimpa mwenzake alama za mvuto, ukweli, akili, uchangamfu, bidii na mambo wanayopenda kwa pamoja, kisha akasema kama angetaka kumwona tena. Faili ya jaribio lile, yenye washiriki 551 na mistari 8,378, imesambaa dunia nzima. Wanafunzi wengi wa takwimu wameikuta darasani bila hata kujua ilikotoka. Mwaka 2008 Paul Eastwick na Eli Finkel wakatumia mikutano ya namna hiyohiyo na kuona kwamba sifa mtu anazosema anazitafuta hazitabiri vizuri nani atampendeza akishakaa naye ana kwa ana. Daktari alitaka kujua kama mambo ni hivyo pia huku kwetu, ambako kabla hujauliza mtu anapenda nini unaulizwa kwanza yeye ni wa wapi na baba yake ni nani.

Tukapanga jioni mbili za Jumamosi katika ukumbi wa hoteli ndogo upande wa ziwa. Kila jioni wanawake 12 na wanaume 12. Wanawake walikaa mezani, wanaume wakahama kila kengele ilipolia, na kengele yenyewe tuliiazima shule ya msingi ya jirani. Mikutano 144 kwa jioni moja, 288 kwa zote mbili. Kwa kuwa kila mkutano una watu wawili wanaojaza karatasi, tulipata mistari 576.

Juu ya zile alama sita tukaongeza maswali yetu ya kila mtu binafsi: jamii, dhehebu, watoto, "ungeoa au kuolewa nje ya jamii yenu?" na "una mpenzi kwa sasa?" Swali hili la mwisho Daktari aliliweka kama kichujio tu, akitarajia wote waseme hapana. Wanane walisema ndiyo. Hatukuwatoa, maana walikuwa wameshakaa, na soda zao zilikuwa zimeshafunguliwa.

Vibali vyote tulikuwa navyo, cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na cha kamati ya maadili. Na fomu ya idhini, ambayo niliiandika mimi, ilikuwa na sentensi hii: "Majibu yako ni siri. Hakuna mtu yeyote nje ya watafiti hawa wanne atakayeyaona." Niliinakili kutoka fomu ya utafiti mwingine wa zamani. Nilipoiweka niliiona nzuri, kwa sababu mtu akiisoma mabega yanashuka. Sikufikiri kwamba ni ahadi isiyo na mwisho wala mlango.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Makala yetu ilirudi kutoka kwa jarida ikiwa na maoni ya wahakiki wawili. Mmoja aliandika kwa adabu kwamba angependa data na msimbo viwekwe mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kuvipata na kurudia hesabu. Ombi hilo ni la haki. Mimi mwenyewe nikisoma makala yenye jedwali zuri na isiyo na data huwa nalitazama kwa jicho moja.

Jumatano tulikaa robo saa. Daktari akasema: "Toeni majina, toeni nambari za simu, muweke. Columbia wameweka, dunia haijaanguka." Hakuna aliyetaja fomu ya idhini. Niliijua fomu ile kwa moyo, na sikuitaja.

Kijana alifanya zaidi ya alivyoagizwa, na ni haki niseme hivyo. Badala ya kufuta safu ya simu akaigeuza kwa MD5, ile njia inayochukua maandishi yoyote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 32 usiosomeka, ili kila mshiriki abaki na kitambulisho cha kudumu bila simu yake kuonekana. Ijumaa usiku akapandisha folda nzima kwenye hifadhi ya wazi mtandaoni: data, msimbo, na kwa bahati mbaya faili moja ya awali yenye maoni ambayo washiriki waliandika kwa mkono wao. Asubuhi aliamka, akaiona ile faili ya maoni, akaifuta. Kisha akaweka kiungo kwenye status yake ya WhatsApp, na maneno: "Kazi ya miezi kumi, sasa iko wazi kwa ulimwengu."

Kijana huyu ndiye aliyewapigia washiriki simu kuwakumbusha siku na saa. Wengi walikuwa wamehifadhi nambari yake.

Mshiriki wa 8 aliiona status hiyo saa nne asubuhi, akiwa saluni, kichwa kimefungwa, hana la kufanya ila simu. Akafungua faili. Hakuhitaji kujua takwimu. Safu za kwanza zilikuwa jioni, meza, zamu, umri, kazi. Alikumbuka meza yake kwa sababu ilikuwa na mguu mbovu na waliiwekea kadibodi. Akaiona meza ile kwenye mstari, umri wake, kazi yake, na kwa kazi ile yeye alikuwa peke yake ukumbini. Akateremka hadi zamu ya tatu.

Mwanaume wa zamu ya tatu alikuwa mchumba wake. Walikuwa pamoja kwa miezi mitano, na walikutana palepale, mbele ya kengele yetu. Mstari wa mwanaume ulikuwa na majibu yake yote binafsi, yanayojirudia kwenye kila mkutano wake, maana ndivyo faili za watu wawili wawili zinavyotengenezwa. Nje ya jamii yenu: la. Una mpenzi kwa sasa: ndiyo. Yeye, Mshiriki wa 8, si wa jamii ya yule mwanaume.

Saa tano kasoro akampigia dada mratibu. Mratibu amenisimulia mazungumzo yale mara nyingi, na kila mara anaanzia palepale: "Dada, mambo haya yako kwa intaneti. Nambari nane si ni mimi? Basi huyu wa zamu ya tatu mnajua ni nani. Mliniambia ni ninyi wanne tu."

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

*Kufunga, wala si kufuta.* Kijana alianza kufuta faili moja moja. Nikamwambia aache. Hifadhi za aina ile huweka historia ya kila badiliko, na faili uliyoifuta leo mtu anaipata kwa kurudi hatua moja nyuma. Ile faili ya maoni aliyoifuta asubuhi nikaifungua mbele yake kutoka kwenye historia. Mstari wa kwanza ulisomeka: "jaber, lakini anaongea sana"; jaber ni mrembo kwa Kidholuo. Alishika kichwa. Tukaifunga hifadhi nzima saa sita na dakika kumi. Hesabu ya hifadhi ilionyesha kwamba nakala tatu zilikuwa zimeshachukuliwa. Moja ilikuwa ya kijana mwenyewe kwenye kompyuta nyingine, ya pili ya Daktari. Mwenye ya tatu hatujamjua hadi leo.

*Kupima uharibifu kabla ya kujitetea.* Jumapili nilikaa na faili ile kama mtu wa nje. Kwa umri, jinsia na kazi peke yake, washiriki 39 kati ya 48 walikuwa hawana pacha, yaani hakuna mwingine kwenye faili aliyelingana nao kwa yote matatu. Kisha nikajaribu vile vitambulisho vya MD5. Nambari ya simu ya Kenya ikianza na 07 hubaki na tarakimu nane, yaani uwezekano milioni 100. Ongeza zile za 01, unapata milioni 200. Kwa mtu ni nyingi, kwa kompyuta ni chache mno. Na msimbo uliokuwa kwenye folda hiyohiyo ulieleza wazi kitambulisho kimetengenezwaje, kwa amri moja isiyo na neno lolote la siri lililoongezwa. Nikaandika mistari michache ya kugeuza kila nambari inayowezekana na kulinganisha. Chai yangu haikupoa kabla ya simu ya kwanza kutokea. Kosa hili lina historia: mwaka 2014 data ya safari milioni 173 za teksi za New York ilitolewa hadharani ikiwa imefichwa kwa MD5 vivyo hivyo, na nambari za magari na madereva zikafumuliwa upesi kwa sababu hiyohiyo, tarakimu chache mno za kubahatisha.

*Kuripoti.* Hapa tulibishana, na sauti zilipanda. Daktari aliona kwamba hakuna jina lililovuja, kwa hiyo hakuna cha kuripoti. Mimi nilikuwa na matokeo ya Jumapili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Na sheria hiyo inahesabu asili ya kikabila, hali ya ndoa, imani na mambo ya kijinsia kuwa taarifa nyeti. Faili yetu ilikuwa imejaa hizo. Daktari akashika kifungu cha utafiti, kile kinachotoa nafuu kwa kazi ya kisayansi. Nikamwomba akisome hadi mwisho: nafuu ipo ikiwa matokeo hayatolewi kwa namna inayomtambulisha mtu. Alinyamaza, akasoma tena, akasema, "Andika barua." Tuliripoti Jumanne asubuhi, saa 70 hivi tangu simu ya Mshiriki wa 8.

*Kuwaambia washiriki wote, kwa sauti.* Kijana alipendekeza ujumbe mfupi wa simu kwa wote. Mratibu alikataa katakata. Ujumbe unapelekwa kwa wengine, na mtu hana wa kumwuliza. Alipiga simu 48 kwa siku mbili, kwa Kiswahili na Kidholuo, na maneno yake ya kwanza yalikuwa yaleyale kwa kila mtu: tumevunja ahadi tuliyokupa, nikueleze kilichotoka. Wawili walimkatia simu. Mmoja alicheka, akauliza kama anaweza kuona alama alizopewa.

Hakumpa. Lakini swali la mtu huyo ndilo lililotufungua macho kuliko barua zote.

Mstari ni wa nani?

Tulikubaliana kwamba tukitaka kuitoa data tena kwa njia yoyote, tunaomba idhini upya, kwa fomu mpya inayosema bila kuficha nani ataona nini. Washiriki 41 wakakubali, saba wakakataa. Kijana akaanza kuondoa mistari ya wale saba, kisha akasita: mstari ambao mtu aliyekubali amempa alama mtu aliyekataa, unabaki au unaondoka?

Kwenye dodoso la kawaida swali hili halipo. Majibu yangu ni yangu. Lakini alama 4 ya mvuto niliyokupa wewe ni maoni yangu na wakati huohuo ni habari kukuhusu wewe. Tulilizungusha mchana kutwa, mratibu akalikata kwa mfano wa kwake: "Mtu akinisema kwa jirani, maneno ni yake, jina lililochafuka ni langu." Tukaamua mkutano unabaki ikiwa wote wawili wamekubali, basi.

Gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo maana naiweka hapa kwa hesabu. Jioni ya kwanza walikataa wanawake wawili na mwanaume mmoja. Wakabaki 10 na 11, mikutano 110 badala ya 144. Jioni ya pili walikataa mwanamke mmoja na wanaume watatu. Wakabaki 11 na 9, mikutano 99. Jumla 209 kati ya 288. Waliokataa hawafiki asilimia 15 ya watu, lakini wameondoka na zaidi ya asilimia 27 ya mikutano. Mtu anayepanga utafiti wa namna hii na kutegemea idhini ya baadaye aijue hesabu hii kabla ya kukodi ukumbi.

Tulichotoa mwishowe

Msimbo wote tuliuweka wazi kwa yeyote, pamoja na data bandia: faili iliyotengenezwa na kompyuta yenye safu zilezile na aina zilezile za majibu, lakini bila mtu hata mmoja ndani yake. Kazi yake ni kumwezesha msomaji kuuendesha msimbo tangu mwanzo hadi mwisho na kuona kila hatua, ingawa namba zitakazotoka si zetu.

Data halisi ya mikutano 209 ikagawanywa. Nakala ya kwanza ina upande mmoja tu wa kila mkutano: mpaji alama, sifa alizosema anazitaka, alama alizotoa, na uamuzi wake. Haina meza, zamu wala nambari ya mwenza, na mpangilio wa mistari umechanganywa. Umri uko kwa makundi mawili. Kazi, jamii, dhehebu na lile swali la mpenzi vimetoka kabisa. Inatosha kujibu swali letu kuu, kwa sababu kulinganisha anachosema mtu na anachochagua kunahitaji upande wake peke yake. Hii mtafiti anaipata kwa kuomba na kutia sahihi makubaliano.

Nakala yenye pande zote mbili haitoki. Anayeihitaji anatutumia msimbo wake, tunauendesha sisi, tunampa majedwali. Ni njia ya polepole na kijana analalamika kila mara, lakini yeye ndiye anayeuendesha.

Jarida lilikubali mpango huo baada ya barua mbili. Mhakiki yule hakulalamika hata kidogo. Aliuliza tu kwa nini hatukusema mapema kwamba fomu yetu ilikuwa na kizuizi.

Kosa ambalo hakuna aliyelitafuta

Sehemu hii haikuwa kwenye mpango, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Kabla ya kuutoa msimbo tulimwomba mwenzetu wa Eldoret auendeshe kwenye kompyuta yake, kwa makubaliano, akitumia data halisi. Kwanza haukuendesha kabisa, maana mstari wa kwanza ulielekeza kwenye folda ya kompyuta ya kijana, jina lake kamili likiwemo. Alipourekebisha ukaendesha, na jedwali la tatu likatoka tofauti na letu. Tofauti yenyewe haikuwa ya desimali. Kwetu, alama ya mvuto ilikuwa na uzito mdogo katika uamuzi wa kumwona mtu tena. Kwake ilikuwa na uzito kuliko sifa nyingine zote.

Tulitumia siku mbili. Chanzo kilikuwa neno moja kwenye seli moja. Mmoja wa waingizaji data, alipokuta mshiriki hakutoa alama ya mvuto, aliandika "hakuna" badala ya kuacha wazi. Neno moja linatosha kuifanya R, programu ya takwimu tuliyoitumia, iione safu nzima kuwa maandishi. Sasa, kabla ya toleo la 4.0.0 lililotoka 2020, R ikisoma safu ya maandishi kutoka kwenye faili iliigeuza yenyewe kuwa makundi, na makundi yanapangwa kialfabeti: 1, 10, 2, 3, 4, mpaka 9, kisha "hakuna". Ukiiambia as.numeric, amri ya kugeuza kitu kuwa namba, juu ya makundi hayo haikupi alama, inakupa nafasi ya kundi kwenye foleni. Kwa hiyo kwenye laptopu yetu ya zamani 2 ilikuwa 3, 9 ilikuwa 10, "hakuna" ilikuwa 11, na 10, ile alama ya mtu aliyemwona mwenzake na kusahau kengele, ilikuwa 2. Toleo jipya la Eldoret halikugeuza kitu. Lilisoma 10 kama 10 na kuiacha ile seli tupu, pamoja na onyo moja.

Kumbe kwenye makala tulikuwa na aya nzima, na niseme wazi kwamba niliipenda, iliyoeleza kwa nini hapa Magharibi mwa Kenya sura haimwongozi mtu kama inavyomwongoza kwingineko: ukoo, dini, heshima kwa wazee. Tulikuwa tumeijengea falsafa seli yenye neno "hakuna". Aya ilifutwa. Jedwali lilibadilishwa. Na kwenye data bandia tumepanda "hakuna" mbili kwa makusudi, ili mtu yeyote atakayeuendesha msimbo wetu aone tunavyozishughulikia.

Uchambuzi

Adui tuliyemwogopa alikuwa mtu wa mbali, asiyemjua mshiriki yeyote, anayejaribu kubahatisha majina. Kwa huyo, kufuta majina na simu kunaonekana ni kinga. Aliyefungua faili alikuwa mshiriki mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao kichwani: alikaa wapi, alikutana na nani kwa mfuatano gani, alimpa nani alama ngapi. Hata tungeondoa umri na kazi, alama zake sita kwa wanaume 12 ni namba 72 alizoziandika mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyeandika 72 zilezile. Akishaupata mstari wake amempata na mwenza. Kwa data ya watu wawili wawili, kuficha kila mtu peke yake hakumfichi kwa yule aliyekaa mbele yake. Kinachosaidia ni kukata kamba kati ya pande mbili, na kukata mapema, kabla faili haijatoka mikononi mwa mtunza data.

Hoja ya Daktari kwamba "wengine wameweka" niliijibu vibaya siku ile, kwa kunyamaza. Jibu lilikuwepo. Mwaka 2008 data ya Facebook ya wanafunzi wapatao 1,700 wa chuo kimoja cha Marekani ilitolewa bila majina, na chuo chenyewe kikatambulika upesi kutokana na maelezo ya faili tu. Data ikaondolewa. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark waliweka wazi taarifa za watumiaji karibu 70,000 wa OkCupid, mtandao wa kutafuta wapenzi, majina yao ya mtandaoni yakiwemo, wakisema zilikuwa tayari zinaonekana. Nazo zikaondolewa baada ya kampuni kulalamika. Na hata mfano wa Columbia hautusaidii sana: watu 551 katika jiji la mamilioni hawakutani sokoni. Washiriki wetu 48 wananunua samaki kwa watu walewale.

Kilichofanya kazi: simu za mratibu. Sina shaka kwamba idhini 41 zilitokana na sauti yake na si na fomu yangu mpya. Kuripoti kulifanya kazi pia kwa njia ambayo sikuitegemea, kwa sababu kuandika barua kulitulazimisha kutaja kila safu iliyovuja na nani angeweza kuumia nayo, zoezi ambalo lingefanyika Jumatano kwa robo saa ileile tuliyoitumia kukubaliana haraka.

Kilichoshindwa kilianzia kwenye sentensi ya fomu. Tulitoa ahadi kubwa kuliko tulivyohitaji, kisha tukaivunja bila kuisoma. Fomu ya sasa inasema majibu yanaweza kupewa watafiti wengine kwa makubaliano ya maandishi, bila kitu kinachounganisha majibu ya mtu na ya mwenza wake, na mshiriki anaweka alama ya ndiyo au hapana hapohapo. Katika majaribio ya awali wachache huweka hapana. Tunawashukuru na kuwapa soda kama wengine.

Pia tulichukulia msimbo na data kama mapacha: vitoke pamoja au vibaki pamoja. Msimbo hauna mtu ndani yake ukishatoa njia za folda na namna ya kutengeneza vitambulisho. Ungeweza kutoka hata kabla ya makala kupelekwa, na ile 10 iliyogeuka 2 ingekamatwa miezi mingi mapema.

Kijana hakufukuzwa. Palikuwa na aliyependekeza, na mimi nikauliza nani alitia sahihi kwamba faili iko tayari kutoka. Hakuna aliyetia, kwa sababu nafasi ya sahihi hiyo haikuwepo. Sasa ipo, na ni yangu.

Hali ilivyo

Mpaka ninapoandika, watu watatu wameomba nakala ya upande mmoja. Wawili wamepewa. Wa tatu alitaka na jamii za washiriki, tukamwambia haimo.

Mshiriki wa 8 alikuwa wa kwanza kutia sahihi fomu mpya. Mratibu alimfuata dukani kwake, wakakaa nyuma ya kaunta, na alipofika kwenye swali la mikutano alisema: "Zangu wekeni zote. Za yule mkamwulize mwenyewe." Tulimwuliza. Alikuwa ndiye mwanaume mmoja aliyekataa jioni ya kwanza, kwa hiyo mkutano wa zamu ya tatu kwenye meza yenye kadibodi haumo kwenye faili yoyote tunayotoa.